Kupanda Mgeta Kufuata Misumari ya Bwana Bado

Nimeulizwa mara nyingi hapa Dar es Salaam kwa nini mtu wa umri wangu, mwenye kazi yake, mke wake na baraza yake ya kukalia jioni, alipanda milima ya Uluguru kwa miguu kwa ajili ya misumari. Wako wanaosema nilikwenda kutafuta dhahabu. Jirani zangu, ambao ndio wanijuao zaidi, wanasema nilikwenda kutafuta mke wa pili. Naisimulia safari hii kituo kwa kituo, ili wanaotaka kunisengenya wapate angalau kunisengenya kwa mambo yaliyotokea.

Mimi ni Mnyamwezi, jina langu Mihambo. Nilishuka pwani ujanani nikiwa na mzigo wa watu begani, sikurudi. Kazi yangu sasa ni ngozi: matandiko ya farasi, masanduku, mahema, viti. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufumua kitu kizima, kukitazama, na kukirudisha kilivyokuwa kabla mwenyewe hajarudi. Ndiyo maana najua sana jinsi vitu vinavyoshikana, na ndiyo maana mikono yangu ina mbio.

Reli ilikuwa imekwisha kufika Morogoro. Siku moja alikuja kwangu mtu aliyetumwa na mkulima mmoja Mdachi wa huko. Akasema bwana wake anayo motokaa kuukuu ambayo imelala bandani masika mawili, panya wamezaliana ndani ya viti, na sasa mgeni mkubwa anakuja kutoka pwani, naye bwana anataka kumpokea stesheni kwa motokaa hiyo. Mashine imekwisha kutengenezwa. Kilichobaki ni viti na ngozi za milango.

Nikamwuliza, "Morogoro hakuna fundi?"

Akasema, "Yuko. Yuko gerezani."

"Kwa kosa gani?"

"Misumari."

Nilifungasha koleo langu, nyundo ndogo, sindano, na aina tatu za misumari iliyopatikana madukani kwetu. Mke wangu aliniuliza nitarudi lini. Nikamwambia misumari ikikubali. Akaniambia nisije nikafungwa kwa chuma cha nusu shibiri.

Asubuhi ya kuondoka tulipanda gari la moshi, sisi tukiwekwa katika behewa lisilo na dirisha, maana lilikuwa halina ukuta wa kuliweka. Cheche za kuni zilitoka mbele na kutuangukia. Kila mtu alikuwa na kazi ya kumzima jirani yake. Mama mmoja aliyekaa kando yangu alinizima kofia kwa kofi, kisha akanizima mara ya pili palipokuwa hapana moto. Nilipomwuliza akasema, "Nimeona heri tuwahi." Pugu tulipita, Ruvu tulipita, Ngerengere tukanunua ndizi, na jua lilipoanza kuinama tuliiona milima. Wakati wa misafara tulikuwa tukiitazama milima ile siku nyingi kabla ya kuifikia. Sasa ilitujia yenyewe, kama mtu anayedai jambo.

Morogoro, kesho yake, nilipelekwa shambani. Mdachi yule ana jina lake la kwao, refu na lenye mikwaruzo, lakini mji mzima unamwita Bwana Bado, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolipenda. Ukilima, atakuja na kusema bado. Ukifagia, bado. Watu wanasema alipozaliwa, mkunga alimwinua juu kumtazama, naye akamtazama mkunga akamwambia bado.

Akanikuta nimesimama mbele ya motokaa. "Wewe fundi?"

"Ndiyo, Bwana."

"Motokaa hii nataka kama siku ile nashuka meli. Kila kitu ile ile. Ngozi ile ile. Misumari ile ile. Umesikia?"

Nilimwambia nimesikia. Kisha alipogeuka nikaelewa, maana suruali yake nyeupe ilikuwa na mistari miwili myeusi nyuma, imenyooka kama reli. Msimamizi wake, misumari ya kwanza ilipokosekana, katika haraka ya kumpendeza, alikuwa ameigongomea ngozi ya kiti misumari ya chuma. Chuma na ngozi havipatani. Ngozi imelowekwa katika maganda ya miti ili iive, na dawa ile ikikutana na chuma na jasho, hutoka wino mweusi. Bwana Bado aliketi juu yake siku moja ya joto, akazunguka nao mji. Watu wa sokoni wakamsoma mpaka alipofika nyumbani.

Nilifanya kazi yangu ya kwanza, nayo ni kuutafuta msumari unaofaa kwa kuyatazama matundu. Chini ya ngozi ya motokaa kuna papi nyembamba za mbao laini ya Ulaya. Msumari wa pambo huingia humo, ukaubana ukanda wa ngozi unaoficha mshono. Kazi ya msumari ule si kuonekana tu. Ndio unaoishika ngozi isivutike mtu anapokaa na kuinuka. Nilijaribu misumari niliyokuja nayo upande wa chini, pasipoonekana. Ile ya shaba ya kupambia milango ya pwani ina kichwa kama kikombe na mguu mnene. Nilipoigonga mara mbili upapi ulilia. Ya viatu haina kichwa cha kubana ukanda. Ya tatu ilikuwa ya chuma iliyopakwa shaba usoni, kama mtu mnafiki. Ukiikwaruza unaona kutu inasubiri zamu yake.

Kutoboa matundu mapya haikuwezekana, kwa kuwa papi zilikuwa zimekwisha kutobolewa kama chekecheo, na tundu moja zaidi lingezipasua. Msumari uliozidi unene ungepasua, uliopungua ungedondoka njiani mgeni akiwa juu yake. Palihitajika misumari ile iliyotoka katika matundu yale, ya kichwa cha mviringo kidogo kama dengu, mguu mwembamba wa pembe nne. Wala Dar es Salaam haikuwa nayo.

Nikamwambia Bwana Bado, "Nitaitafuta misumari yenyewe. Nikiirudisha, mtu wa gerezani itakuwaje?"

Akafikiri. "Misumari yote inarudi, mimi naondoa shauri. Misumari hairudi, siku ya baraza anapata hamsa ishirini. Na wewe," akanitazama kana kwamba ananipima suruali, "tutaona."

Siku ya baraza, ndiyo siku ya hukumu bomani, ilikuwa inakaribia. Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano, na kiboko cha boma nimekiona kikifanya kazi. Mtu mzima anaweza kuingia kwa miguu na kutoka kwa kubebwa. Nikaenda kumwona mfungwa.

Bomani zamu ilikuwa ya Ombasha Maganga, askari wa cheo kidogo, naye ni Mnyamwezi mwenzangu. Alinisalimu kwa Kinyamwezi, akaniuliza habari za watu waliokwisha kufa, kisha akaniruhusu kukaa ukutani karibu na mfungwa, Mrisho. Mrisho ni Mluguru, mtu wa makamo, mikono ya fundi, ndevu za mtu aliyenyimwa wembe. Nilimwuliza kwanza alivyoitoa misumari, maana ndivyo nitambuavyo fundi.

Akasema, "Mmoja mmoja, kwa mpangilio. Kila uliotoka niliuchomeka katika kipande cha mgomba kilichokauka, kama ulivyokaa kwenye kiti. Mstari wa mbele mbele, wa nyuma nyuma."

"Na kipande hicho kiko wapi?"

Akaitazama mikono yake. Kisha akasema, "Nilipata habari ya msiba. Mjomba wangu amefariki Mgeta. Niliogopa panya wa bandani na watu wa bandani, nikakifunga katika nguo nikaenda nacho matangani."

"Ukaibiwa."

"Sikuibiwa," akasema kwa hasira kidogo. "Usiseme nimeibiwa. Walichukua wenye haki yao."

Ombasha Maganga, aliyekuwa akijifanya anasafisha bunduki, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Nami nikaelewa.

Kwa wasiojua: huko Uluguru kila ukoo una ukoo wa watani. Msiba ukitokea, watani ndio wanaokuja kwa kelele, wanatukana wafiwa, wanamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na wanachukua chochote wanachokiona. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikitaka kitu chake, atakikomboa baadaye kwa kuku na kwa kutukanwa upya. Hao hao watani ndio wanaochimba kaburi na kufanya kazi ambazo mwenye kulia hawezi. Mrisho aliporudi mjini kutafuta kuku, askari walikuwa wanamsubiri njiani.

Nikamwuliza kwa nini hakumweleza Bwana Shauri, Mdachi anayehukumu pale bomani.

"Nilimweleza. Akaniuliza jina la mwizi. Nikasema si mwizi, ni mtani. Mkalimani akasema kwa Kidachi hakuna neno hilo, akasema mwizi. Bwana akasema basi lete jina la huyo mwizi." Akajikuna ndevu. "Nikitaja jina, askari watapanda, watamshusha mtu mzima na kamba shingoni kwa kunifanyia msiba wangu. Nani atanizika mimi? Acha nipigwe."

"Na ndugu zako je? Hawawezi kuifuata misumari?"

"Msimamizi anawafuatilia kila wanakokwenda. Atajua."

Maganga akavaa kofia yake, akasema, "Mihambo, sisi Wanyamwezi ni watani wa Waluguru wote, tangu enzi za misafara ya pembe. Mnyamwezi akipanda mlimani kwenda kumtukana Mluguru, nani atauliza anakwenda kufanya nini?"

Alfajiri niliondoka, nikaandama mguu wa milima, nikavuka mto kwa mawe, kisha njia ikaanza kupanda. Njia za Waluguru hazizunguki. Wanaona nyumba juu, wanakwenda juu. Nilikutana na wanawake wanaoshuka na mikungu ya ndizi kichwani, wanazungumza na kucheka, nami nisiyebeba kitu nikipumua kama mvukuto. Mmoja akaniambia, "Baba, shikamoo, kaa chini kabla hujakalishwa." Nikaitikia marahaba na nikakaa.

Mchana ukungu ulishuka, kukawa na baridi ya kutia meno kelele. Migomba ikaisha, yakaanza mashamba ya mahindi na maharage yaliyolala ubavuni mwa mlima kama nguo zilizoanikwa. Nilimwuliza mtu mmoja aliyekuwa akilima kwa mguu mmoja juu na mmoja chini, nani alikuwa mtani mkubwa katika matanga ya mjomba wa Mrisho. Hakufikiri hata kidogo. "Bibi Semeni. Nani mwingine? Alimwiga marehemu kukohoa mpaka mjane akasahau kulia. Nyumba yake ile, yenye moshi. Lakini ukienda, nenda na kuku."

Sikuwa na kuku. Nilikuwa na Unyamwezi wangu tu.

Nyumbani kwa Bibi Semeni nilifika jua likiwa bado juu ya ukungu. Ni mwanamke mnene, mwenye nywele nyeupe, na vikuku vya shaba miguuni vilivyokaa humo tangu ujana mpaka vimeng'aa kama maji. Alikuwa ameketi mlangoni. Nikatazama kilichokuwa chini yake. Kigoda chake cha mti kilikuwa kimezungushwa misumari ya shaba ukingoni pote, vichwa vya dengu, mstari mmoja juu na mwingine chini. Kazi yenyewe haikuwa mbaya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani huyo anahema mlangoni kwangu kama punda aliyeuziwa ngazi?"

"Ni Mnyamwezi."

Akapiga makofi kwa furaha. "Mnyamwezi! Nilidhani mmekwisha! Gari la moshi limekuja, mizigo yenu mmempa nani? Bega limepumzika, sasa mnabeba nini, upepo?"

"Tunabeba habari za Waluguru," nikasema. "Tunawaambia pwani kwamba huku watu wanalima mlimani kwa sababu bondeni waliwafukuza nyani."

"Nyani ni wajomba zenu, mliwaacha Unyanyembe wakilia!"

Tuliendelea hivyo kwa muda mzuri. Majirani wakatoka kusikiliza. Aliniambia masikio yangu yametanuka kwa kusikiliza maagizo. Nilimwambia meno yake machache yanaogopana. Aliposhiba, akainuka kuniletea togwa, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Alipogeuza mgongo tu, nikaketi juu ya kigoda.

Akatoka na kata mkononi.

"Ondoka kitini kwangu."

"Kiti cha nani?" nikasema. "Nimekikuta kitupu. Mtani nimechukua."

Akanitazama. Kisha akanimwagia togwa kichwani, polepole, mpaka tone la mwisho. "Nimemwagilia," akawaambia majirani. "Pengine akili itaota." Wakacheka wakashikana. Mimi sikuinuka. Togwa ilikuwa nzuri, kwa ile iliyofika mdomoni.

"Mdachi anakalia shaba," akasema Bibi Semeni, "na mimi nakalia shaba. Tako ni tako. Mwenye misumari na aje na kuku wake. Namsubiri. Nimemtayarishia matusi mapya, mazuri, nimeyatunga nikipalilia. Mbona haji?"

Nikamwambia, "Haji kwa sababu yuko gerezani. Siku ya baraza atapigwa hamsa ishirini."

Bibi Semeni akaweka kata chini.

"Kwa misumari hii?"

"Kwa hiyo. Aliulizwa jina la aliyechukua. Hakulitaja."

Majirani wakatazama chini. Bibi Semeni alisimama akivutavuta ncha ya nguo yake. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mjinga yule. Mimi ndiye nitakayemzika. Nani amempa ruhusa ya kufa kabla sijamaliza kumtukana?" Akaingia ndani akatoka na panga, akakipindua kigoda nikiwa bado sijainuka vizuri, akataka kuing'oa misumari.

Nikamshika mkono. Shaba si chuma, ukiichokonoa kwa panga kichwa kinakatika na mguu unabaki. Nilifanya kazi hiyo mwenyewe kwa koleo, nikiibana chini ya kichwa juu ya kipande cha ngozi, nikiivuta wima. Iliyopinda niliinyoosha juu ya jiwe kwa mapigo madogo. Jioni ile tulikuwa na ungo uliojaa misumari, na mpangilio wa Mrisho umepotea kabisa.

Sasa, misumari ile haifanani kama inavyodhaniwa. Kila mmoja umezoea tundu lake. Nikawaeleza majirani namna ya kuisoma. Iliyokaa mlangoni imepigwa na mvua, kwa hiyo mguu wake una kutu ya kijani. Ya mgongoni mwa kiti imefifia. Ya ukingo wa mbele, pale paja linapopita mtu anapopanda na kushuka, imesuguliwa na suruali mpaka imekuwa kioo. Bibi Semeni akaielewa kazi upesi kuliko nilivyotaka. Alikuwa akiinua msumari kwenye mwanga na kutangaza, "Huu wa tako la kulia. Huu wa tako la kushoto, analiegemea zaidi, ana jipu huyo. Huu wa mlangoni, haujaona kitu, maskini." Sikumkuta amekosea mara nyingi.

Tulipoipanga yote juu ya mkeka kwa umbo la kiti, mahali pamoja palibaki patupu.

Nikasema, "Umepungua mmoja."

Bibi Semeni akatazama milima. "Huo alichukua marehemu."

"Vipi?"

"Niliutupa kaburini. Nikamwambia, shika, na wewe ukalie shaba kama bwana."

Hakuna aliyecheka. Kaburi halifukuliwi kwa ajili ya motokaa. Lakini Bwana Bado alikuwa amesema misumari yote, naye si mtu wa kuacha tundu.

Kesho yake tulikwenda kwa mhunzi, mpwa wa Bibi Semeni. Hakuwa na shaba, kazi yake majembe. Bibi Semeni akaketi juu ya jiwe, akanyoosha mguu, akasema, "Kata hiki." Kilikuwa kikuku chake cha chini. Tulikifungua kwa shida, maana mguu ulikuwa umekwisha kukizoea. Nilichukua kipande, nikakipasha moto, nikakifua juu ya chuma, nikakifanya mguu wa pembe nne na kichwa cha dengu, nikipima kila mara kwa jirani zake wa mkekani.

"Urefushe mguu," akaninong'oneza. "Kidogo tu. Ufike."

"Ufike wapi, Bibi?"

"Unapajua."

Sitawaficha kwamba nilipafikiria. Ni jambo ambalo fundi yeyote wa viti hulifikiria, mbele ya mteja wa aina ile. Lakini msumari uliozidi unapasua upapi kwanza, na mwenye kuadhibiwa angekuwa Mrisho. Nikaukata kwa kipimo. Bibi Semeni akaniambia Wanyamwezi ni watu wasio na ndoto.

"Basi utauweka wapi?"

Hapo hesabu yangu na matakwa yake yakakutana. Msumari mpya uwekwe pale ambapo suruali itausugua kila siku, ili baada ya wiki chache ufanane na wenzake. Huo ni ukingo wa mbele.

"Chini ya paja lake?" akauliza.

"Chini ya paja lake."

Akauangalia mguu wake uliobaki na alama nyeupe ya kikuku. "Mpelekee salamu," akasema.

Nilishuka kwa haraka kuliko nilivyopanda, nikiwa na misumari imechomekwa katika kipande kipya cha mgomba, kwa mpangilio. Katika banda la Bwana Bado nilijaza singa za farasi viti vilivyoliwa na panya, nikavuta ngozi, nikaanza kupiga misumari. Wa mlangoni mlangoni, wa mgongoni mgongoni. Niliigonga kwa nyundo iliyofungwa ngozi ili vichwa visipate makovu. Kila mmoja uliingia kwake kwa sauti ndogo ya mtu anayejilaza kitandani.

Siku iliyotangulia baraza Bwana Bado alikuja kukagua, mchana kweupe. Alipitisha kidole msumari kwa msumari, mlango wa kwanza, wa pili, mgongo wa kiti. Msimamizi alimfuata akiwa ametayarisha uso wa kusikitika. Kidole kikafika ukingo wa mbele. Kikasimama.

"Huu nini? Inang'aa zaidi."

Nilisema, "Huo umesuguliwa miaka mingi, Bwana."

Nayo ilikuwa kweli tupu.

Alinitazama, akautazama msumari, akajitazama kidogo nyuma. Kisha akapanda, akaketi. Akaruka-ruka mara mbili. Akaegemea upande wa kushoto, kama Bibi Semeni alivyosema. Sote tulisubiri neno lile. Kuku wa banda waliacha kula. Akafungua mdomo, akaufunga. Akashuka, akajipangusa suruali kwa mkono, akautazama mkono, ulikuwa safi. Akaondoka bila kusema kitu. Msimamizi, ambaye alikuwa hajawahi kusikia kimya kile, akaenda bomani kuondoa shauri akiwa bado na uso wake wa kusikitika, kwa kuwa alikosa mwingine wa kuvaa.

Bomani, asubuhi ya baraza, Bwana Shauri alimwambia Mrisho kupitia mkalimani kwamba misumari imeonekana na kwamba anatumaini amejifunza. Mrisho akauliza amejifunza nini. Mkalimani, mtu mwenye busara, hakutafsiri. Ombasha Maganga akamtoa Mrisho nje kwa kumsukuma.

Mrisho hakuniambia ahsante. Alinishika mkono kwa nguvu, akauliza, "Alisema nini?"

"Nani?"

"Bibi Semeni."

"Kwamba wewe ni mjinga, na kwamba kuku awe jike na awe anataga."

Akacheka, machozi yakimtoka, akaenda moja kwa moja sokoni kumtafuta kuku kwa ndevu zake zile zile.

Stesheni, siku ya kurudi, nilimwona mgeni mkubwa akishushwa na kupandishwa juu ya motokaa. Bwana Bado aliendesha, akiwa amenyooka kama mlingoti. Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu ikisema, "Amekalia mguu wangu na hajui." Alikuwa Bibi Semeni, ameshuka kwa ajili ya kuku wake, hakutaka kungoja aletewe. Mrisho alikuwa kando yake, na kuku kwapani, akiwa amekwisha kutukanwa vya kutosha. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga aliopakwa, nao ulikuwa uso wa mtu mwenye afya.

Nilipanda behewa. Gari likaanza kusogea. Bibi Semeni akatembea kando yake, akanishika mkono kuniaga, akaniambia niwasalimu punda wa Unyamwezi. Kisha akaniachia na kusimama.

"Mnyamwezi!" akaita. "Umesahau koleo!"

"Sijasahau, liko mfukoni," nikasema, nikatia mkono mfukoni.

Alikuwa amelinyanyua juu, ili nilione vizuri.

Nilichojifunza katika safari ile ni hiki. Msumari wa pambo usichaguliwe kwa kichwa chake, bali kwa tundu. Tazama mguu kwanza, kisha mbao, kisha kitu kitakachokaa juu, na shaba iende na ngozi, chuma kikae na majembe. Na lingine ni kwamba nilikaa miaka mingi nikijua jinsi ngozi inavyoshikana na mbao, nisijue vizuri mtu anavyoshikwa na mtu. Mrisho alikuwa tayari kupasuliwa mgongo ili asimpoteze mwanamke anayemtukana. Nilidhani ni ukaidi. Sasa nadhani ni kipimo cha walivyoshikana.

Mafundi wa hapa wananiambia ninunue koleo jingine, yako mazuri dukani. Nawaambia hapana. Yuko kuku jike uani kwangu, anakula mtama na kunenepa, na mke wangu amekatazwa kumgusa. Amekwisha kuanza kutaga.